Lastiki ya Mama Aika

Nikipita mlangoni pa saluni yoyote ya Kariakoo, ile harufu ya dawa ya nywele ikanigonga puani, mkono wangu unapanda kichwani wenyewe. Unakwenda kushika pale nyuma, juu kidogo ya shingo, penye kovu lisiloota kitu mpaka leo, kubwa kama kifuniko cha soda. Halafu nyuma ya harufu ile inakuja nyingine, sijui inatokea wapi: tui la nazi, yai bichi na mafuta ya cherehani. Harufu ya kwanza inanitia hasira. Ya pili inanifanya nitake kumwamkia mtu.

Mwezi uliopita nimesikia Mama Aika amefariki na amezikwa hukohuko kwao Moshi. Habari ilinifikia watu wameshatoka makaburini. Sikumsindikiza. Ndiyo maana nimekaa kuandika, mimi ambaye shule niliishia darasa la nne, kalamu yenyewe naishika kama nashika sindano ya kushonea magunia. Shukrani ukiimeza muda mrefu inakukaba.

Lakini siwezi kumshukuru aliyenizimia moto bila kumtaja aliyeuwasha. Watu huniambia, "Wewe Tatu, mambo ya zamani yaache." Siyaachi. Walionichoma kichwa wana majina. Wa kwanza ni shangazi yangu, Zamda. Wa pili ni Anti Vero wa saluni. Na nikisema wa kwanza, namaanisha wa kwanza kweli, kama mtakavyoona.

Baba alipofariki, mama yangu alipata kazi ya ndani, ya kulala hukohuko, na waliomwajiri walisema wazi kwamba hawataki mtoto. Akanipeleka kwa dada yake baba, shangazi Zamda, mtaa wa Narung'ombe, nyumba ya Kiswahili ya ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani jikoni na choo. Mchana ule kabla hajaondoka, mama alikaa kwenye ngazi ya barazani, akaniweka chini katikati ya magoti yake, akanisuka. Twende kilioni, matuta yaliyonyooka kurudi nyuma, msuko ambao mama yeyote anausuka huku anawaza mambo mengine. Nakumbuka magoti yake yalivyonibana mabega. Nakumbuka mafuta ya nazi yakiteremka nyuma ya sikio, na pumzi yake yenye karafuu. Nilikuwa na nywele nyingi wakati huo, nzito, nyeusi tii. Alipomaliza alinifuta shingo kwa khanga akasema:

"Usimwache mtu azifumue. Nitakuja kuzifumua mwenyewe."

Sasa, mama alikuwa na tabia moja ambayo wanawake wengi wa umri wangu mtaikumbuka kwa mama zenu. Akiwa na jambo hataki kulisahau, alifunga fundo kwenye ncha ya khanga yake. Jambo likiisha, fundo linafunguliwa. Nami kwa akili yangu ya kitoto nikaelewa hivi: kichwa changu ndicho fundo la mama. Maadamu hakijafumuliwa, hawezi kunisahau. Siku mkono wa mtu mwingine utakapofumua, basi, mama atakuwa huru, hatakumbuka tena kwamba kuna kitu alikiacha Narung'ombe.

Sikumweleza mtu. Mambo kama hayo mtoto haelezi, anayajua tu, kama anavyojua kwamba moto unaunguza.

Nikakaa na nywele zile. Zikapanda, zikalegea, zikaota ukungu wa vinyweleo juu ya matuta. Zikawasha. Nikawa najigonga gonga kwa kiganja, sithubutu kukuna nisije nikatibua. Nilikuwa nachota maji, naosha masufuria, nafagia uwanja, na kichwa nakibeba kama sinia la mayai. Nikimuuliza shangazi mama yuko wapi, jibu lilikuwa lilelile: "Mama yako yuko Unguja. Unataka nikuvushe bahari?" Basi nikawa nikilala naiona bahari, na mama upande wa pili akiitazama ncha ya khanga yake.

Ikafika harusi ya Sabra, binti yake shangazi. Nikachaguliwa kushika mkia wa shela. Shangazi akanitazama kichwani siku moja kabla ya harusi, kana kwamba ndiyo kwanza ananiona.

"Hiki kichwa ama kiota cha kunguru? Unataka watu wa Magomeni, ndugu wa bwana harusi, waseme wameoa kwa wachafu? Njoo hapa."

"Mama kasema atafumua yeye."

"Mama yako!" Akacheka, kicheko cha puani. "Mama yako angekuwa na shughuli na nywele zako angekuwa hapa."

Saluni ya Anti Vero ilikuwa ng'ambo ya barabara, ikitazamana na baraza letu. Chumba kimoja, pazia la shanga mlangoni, kioo chenye ufa. Shangazi alinishika mikono, Anti Vero akafumua. Nilipiga kelele mpaka nikakauka koo. Wenyewe walidhani naumia kichwa. Kichwa hakikuwa kinauma, jamani. Nilikuwa naona fundo linafunguliwa.

Kisha ikaja dawa. Nyeupe, nzito kama uji wa mgonjwa, harufu yake inapanda mpaka machoni. Nyinyi mliokuwapo mnakumbuka Kariakoo ya miaka ile: maji ya bomba yalikuwa mgeni. Yanakuja yanapotaka, yanakatika bila kuaga. Kila msusi alijua kanuni moja, hata yule asiyejua kuandika jina lake: kabla hujagusa kopo la dawa, fungua kifuniko cha pipa, tazama. Hakuna maji, hakuna dawa. Anti Vero siku hiyo alikuwa na maharusi foleni, pipa hakulitazama. Aliniweka dawa, akazichana nywele zikalala, akageuka kwa mteja mwingine.

"Anti, inaunguza."

"Uzuri una gharama zake, mwanangu. Vumilia."

"Acha ikolee," shangazi akasema. "Kipilipili cha huyu ni cha ukoo wa mama yake, kigumu."

Ilipokolea, Anti Vero akaniinamisha kwenye karai, akafungua bomba. Bomba likakohoa. Likatema hewa, likatema kutu, likanyamaza. Akakimbilia pipa. Nilisikia kopo likikwaruza bati chini.

"Zamda! Maji! Pale kwako si umejaza mapipa?"

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Uani kwetu kulikuwa na mapipa ya maji yamejaa mpaka mdomoni. Nayajuaje? Nimeyajaza mimi. Na shangazi yangu Zamda, dada wa baba yangu tumbo moja, alisimama mlangoni pa ile saluni, mkono kiunoni, akasema:

"Yale ya pilau. Nikianza kuyapunguza leo, kesho wageni watakunywa nini? Subirini mkokoteni wa maji upite."

Mkokoteni upite. Na mimi kichwa kinaungua.

Sikujua tena nalia vipi, ila kilio kile kilivuka barabara. Barazani kwetu alikuwa anakaa fundi mmoja wa kike, Mchaga, amepanga chumba cha mbele, anashona magagulo, zile sketi za ndani, na sare za shule. Mama Aika. Nilijifunza baadaye kwamba neno hilo Aika, jina la mwanawe, kwao ni ahsante. Siku ile nilimjua tu kama mwanamke mnene mwenye pini mdomoni, ambaye hukuweza kumsalimia akakujibu mpaka azitoe. Pembeni ya pasi yake ya mkaa alikuwa na ndoo ya maji ya kunyunyizia nguo. Sikumwona akija. Nilisikia shanga za pazia zikimwagika upande mmoja, halafu baridi. Baridi kutoka utosini mpaka kwenye uti wa mgongo, ndoo nzima, na vidole vyake vikipita kwenye nywele zangu haraka kama vinachambua mchele.

"Mnamchoma mtoto mkisubiri mkokoteni?" Ndivyo alivyosema, pini bado zimo mdomoni. Sijui hakuzimeza vipi.

Siku ya harusi nilisifiwa. Nywele zimelala, zinang'aa, kidonda kimefichwa kwa ua la plastiki. Kila mtu ananishika kichwa, "Mashaallah, kama Mhindi." Nikashika mkia wa shela nikamtafuta mama katika kila kundi la wanawake lililoingia.

Kisha zikaanza kutoka. Kwanza kwenye mto. Halafu kwenye chanuo, halafu hata upepo. Nikizilowesha zinanyumbuka kama ubani uliotafunwa, zinakwenda, zinakwenda, halafu puu. Shangazi akasema ni uchafu. Akasema zinahitaji dawa tena, zilainike, akanishika mkono kunipeleka ng'ambo. Tulipopita barazani Mama Aika akaacha kukanyaga cherehani.

"Unampeleka wapi huyo?"

"Kwa Vero. Haikukolea vizuri."

"Zamda, huyo mtoto akivuka barabara hii, mimi nami navuka nyuma yenu na mkasi huu, nitakata mapazia yote uliyonipa nishone. Niachie."

Mapazia yalikuwa ya chumba cha Sabra. Shangazi akaniacha.

Mama Aika alinikalisha kwenye kibao walichokuwa wakiwekea miguu wateja wa kupima pindo. Akang'oa unywele mmoja uliokuwa umeshajifia begani, akauchovya kwenye ndoo, akaushika huku na huku kwa kucha, akavuta pole pole. Ukanyumbuka. Akaachia. Haukurudi, ukabaki umelegea, umejikunja kama uzi wa soksi kuukuu. Akavuta tena, ukakatika. Mimi nikadhani anapima urefu ili aweze kuzishona upya kwa cherehani, nikaanza kuitazama sindano kwa hofu.

Akafungua droo. Akatoa kipande cha lastiki mpya na kingine cha zamani alichokitoa kwenye gagulo la mtu.

"Vuta hii." Nikavuta ile mpya, nikaachia, ikanirudi ikanichapa kidole. "Hii iko hai. Sasa hii." Nikavuta ile kuukuu, ikabaki ndefu, imechoka. "Hii imekufa. Ikifa haifufuki, wewe. Hata uombe kanisani na msikitini. Inakatwa, inatiwa nyingine. Nywele zako ndizo hizi. Kilichokufa tunakata. Kitakachoota tunakilea kisife."

Nikalia. Akadhani naogopa kunyolewa.

"Nywele zinaota, mjinga we."

"Siyo nywele," nikasema. Na hapo ndipo nilipomweleza, wa kwanza na wa pekee, habari ya fundo. Kwamba limeshafunguliwa na watu wengine. Kwamba sasa likikatwa kabisa mama hatakuwa na sababu ya kurudi kutoka Unguja.

Hakucheka. Alizitoa pini zote mdomoni, akazichomeka moja moja kwenye bega la blauzi yake.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mwajuma."

"Mwajuma," akarudia. Halafu akachukua mkasi wa kukatia vitambaa. Wenye kushona mnajua, mkasi ule haukatiwi karatasi, haukatiwi kitu kingine, hata Aika mwenyewe alichapwa siku moja kwa kuugusa. Akanikata nywele kwa mkasi ule.

Nisiwadanganye kwamba alikuwa mtaalamu. Hakuwa. Alichojua ni lastiki, mengine yote tuliyapata kwa kukosea. Mtu alimwambia mayai yanatia nguvu, akanipaka yai. Akaliacha likae. Halafu, kwa kuwa kulikuwa na baridi ya asubuhi na alinihurumia, akanisuuza kwa maji ya moto.

Yai likaiva. Kichwani.

Nilikaa barazani natolewa vipande vya yai kama natolewa chawa. Nanukia chipsi mayai mtaa mzima. Shangazi Zamda akatoka, akaona, akashika ubavu kwa kicheko.

"Mchaga leo ndizi zimemwishia, kaanza kupika watoto wa watu!"

Mama Aika wala hakuinua kichwa. "Afadhali mimi nimepika yai, Zamda. Wewe ulipika kichwa."

Baraza zima lilicheka, na kicheko kile, jamani, nilikiweka. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu akimjibu shangazi yangu.

Akarudia yai kwa maji baridi, na kwa kuona limekubali akazidisha, kila baada ya siku chache yai. Nywele fupi zilizoanza kuota zikawa ngumu kama katani, ukizivuta zinapasuka hata kabla hazijanyumbuka. Akageuka upande wa pili: tui zito, parachichi, mafuta ya nazi, kutwa nimefungwa mfuko wa nailoni. Zikawa laini, zinateleza, lakini ukivuta zinakwenda bila kurudi.

"Unaona?" alisema, safari hii akijisemea mwenyewe kuliko kunisemea mimi. "Lastiki ikiwa ngumu mno inakatika. Ikilegea mno, mtu gagulo linamwanguka mtaa wa Kongo katikati ya watu."

"Lilishamwanguka mtu?"

"Mteja wangu mmoja. Aliliruka akaendelea kutembea kama si lake."

Tukapata njia katikati. Yai kidogo, mara chache. Tui kidogo, mara nyingi zaidi. Chanuo la meno mapana, na nywele zikiwa mbichi tu, kuanzia nchani kupanda juu, siyo kukwangua kutoka kwenye ngozi kama unavyokwangua ukoko. Alinikausha kwa fulana kuukuu ya mumewe, kwa kubonyeza, maana taulo alisema lina meno. Kusuka akakataza kabisa. "Lastiki mpya huivuti siku ya kwanza. Iache ijizoee." Kila Jumamosi alichukua unywele mmoja uliotoka wenyewe, akauchovya, akauvuta, akaachia.

"Umerudi?"

"Haujarudi, mama."

"Sawa. Tunangoja."

Nikawa namwita mama. Hakunikataza.

Siku uliporudi ilikuwa Jumamosi ya mvua, wateja wamejibana barazani kwetu kujikinga. Akauvuta, ukanyumbuka kidogo ukiwa unang'aa, akaachia, na unywele ule mdogo usiofika hata urefu wa kidole ukaruka ukajikunja kwenye kipilipili chake kama mtoto anayerudi kwao mbio. Mama Aika akaupandisha juu mbele ya wote.

"Jamani! Umerudi!"

Watu wasiojua lolote wakapiga makofi. Mimi nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Na mama?"

Makofi yaliendelea.

Muda si mrefu baadaye alikwenda Upanga kupeleka sare za watoto wa mteja wake mmoja kwenye maghorofa ya kule. Alirudi mapema kuliko kawaida. Hakukaa kwenye cherehani. Alisimama akinitazama nikipanga vipande vya vitambaa kwa rangi, akanitazama mpaka nikaona haya.

"Njoo, nikusuke."

"Lakini ulisema zisivutwe."

"Nimesema njoo."

"Ulisema lastiki mpya..."

"Tatu! Mimi na wewe nani mwenye mkasi? Kaa."

Akanisuka kwa uzi mweusi wa cherehani, akilegeza kila mahali, vidole vyake vinene vinatafuta pa kushika hapapati. Vikatoka vijipembe vifupi, kichwa kizima kama kichwa cha kinyonga. Watoto wa jirani walinicheka mpaka jioni. Sikumwelewa. Hata nilimwonea uchungu. Nilidhani amechoka kunihurumia.

Kesho yake Jumapili, shangazi alikuwa kwa Sabra Magomeni. Mama Aika alitoka kanisani akiwa bado na gauni lake la kanisani, akafungua cherehani, siku ambayo hakuwahi kushona hata kifungo. Nilikuwa barazani nachezea vibobini vya uzi nilipoona viatu vya mwanamke vikisimama mbele ya ngazi. Nikainua macho mpaka kwenye ncha ya khanga, nikaona fundo. Sikuinua zaidi. Niliingia chini ya meza ya kukatia, nikajizika kwenye vitambaa, mikono kichwani.

"Tatu."

Nikazidi kujikunja.

"Yumo humo chini," akasema Mama Aika. "Anaona haya."

Mama yangu akachuchumaa. Sikumwona uso, niliona magoti.

"Tatu, mwanangu. Nimekuja kukufumua."

Na mikono yangu, iliyokuwa imeficha kichwa, ikagusa vile vijipembe. Vilikuwapo. Vimefungwa, vinangoja. Nikatoka.

Alikaa kwenye ngazi ileile, akanibana mabega kwa magoti yaleyale. Akafumua pole pole, uzi mmoja mmoja, akiuweka kila uzi mapajani kama kitu cha kuhifadhiwa. Alipofika nyuma, juu ya shingo, vidole vikasimama. Vikakaa pale. Nikasikia pumzi yake ikikatika, karafuu ileile, na chozi likaanguka mahali ambapo sikuwa na unywele wa kulizuia. Mama Aika alikuwa anakanyaga cherehani kwa nguvu, tiki tiki tiki, na nilipogeuza jicho nikaona sindano haina uzi.

Mama hakuwa Unguja. Hakuwahi kuwa Unguja. Alikuwa Upanga muda wote ule, ghorofani, katika nyumba ambayo Mama Aika aliingia kupeleka sare akafunguliwa mlango na mfanyakazi wa ndani aliyemuuliza, "Dada, umesema Narung'ombe? Humjui mtoto mmoja wa kwa Zamda?" Kutoka pale mpaka barazani kwetu ukitembea kwa miguu, sufuria la maharage ulilobandika linakuwa halijachemka. Kila mwisho wa mwezi mama alikutana na shangazi bustani za Mnazi Mmoja, akamkabidhi sukari, sabuni, viatu vyangu nilivyokuja kuona miguuni kwa wengine. Na kila mwisho wa mwezi Zamda alimwambia, "Usije nyumbani, wifi. Mtoto akikuona anaumwa wiki nzima, hali chakula. Ndiyo kwanza ameanza kuzoea." Mama akageuka pale bustanini na kurudi, kwa kunihurumia. Na mimi nilikuwa nachota maji ya pilau.

Hayo ndiyo siyaachi. Shangazi Zamda yu hai, mzee sasa. Sikukuu ya Idi napita kumwona, nasema shikamoo, ananijibu marahaba, nakunywa chai yake naondoka. Heshima yake nampa. Zaidi ya hapo asiniombe.

Tangu Jumapili ile nililala chumbani kwa Mama Aika, miguuni mwa kitanda cha Aika, na mama akaja kila alipopewa ruhusa, mpaka alipopata chumba Buguruni akanichukua. Nywele zikaota. Hazikurudi nyingi kama zile za kwanza, lakini zilikuwa hai, na zimenilisha, maana nimekuwa msusi mpaka leo. Wanaletwa kwangu mabinti waliounguzwa, mama zao wanalia, wanataka muujiza ndani ya chupa. Nachukua unywele mmoja, nauchovya, nauvuta. Nawaambia ukweli: hiki kimekufa, tukate, tukilee kinachokuja. Na kabla sijamgusa mtu yeyote kichwa, nafungua kifuniko cha pipa natazama maji, ingawa bomba langu linatoka.

Mara ya mwisho kumwona Mama Aika, alikuwa anafungasha kurudi Moshi kupumzika. Macho yamepungua, Narung'ombe yenyewe imejaa maghorofa, baraza letu halipo. Nilimtungia sindano uzi, nikamuuliza jambo nililokuwa nalo tangu utoto.

"Mama, siku ile kabla mama hajaja. Nywele zilikuwa changa, wewe mwenyewe ulikataza zisivutwe. Mbona ulinisuka?"

Akanitazama kama ananiona mjinga wa kwanza kuingia mjini.

"Si ulisema anakuja kufumua?" akasema. "Sasa angefumua nini?"

Akapokea sindano yake, akaendelea kushona.